Madrasa Zetu: Tupange au Tumiliki?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Ni nadra siku hizi kuswali Ijumaa katika miji yetu na kutoka msikitini bila ya kusikia tangazo la mchango wa kununua kiwanja. Madrasa fulani imechoka kupanga, kituo fulani cha mayatima kimepewa notisi, jumuiya fulani ya kina mama inataka ofisi yake yenyewe. Waumini huchanga, na Allah (S.W.) awalipe kheri. Lakini ni nadra zaidi kumsikia mtu akisimama na kusema kwamba walimu wa madrasa hiyo hawajalipwa posho yao kwa miezi minne. Tumezoea kuamini kwamba taasisi ya kheri iliyopanga ni taasisi dhaifu, na kwamba ikishapata jengo lake mambo yote yatanyooka. Imani hiyo inahitaji kupimwa kwa elimu, kwa sababu fedha inayotumika ni amana ya watu, na wengi wao ni masikini.

Suala hili nililikabili mimi mwenyewe nikiwa mjumbe wa kamati ya madrasa moja ya mtaani jijini Dar es Salaam. Madrasa ile ilikuwa katika vyumba viwili na baraza, na watoto zaidi ya 80 wakisoma kwa zamu. Mwenye nyumba alikuwa mzee mcha Mungu aliyetupangisha kwa kodi ndogo, kwa maneno ya mdomo tu. Mzee yule akafariki. Eda ya mjane wake ilipomalizika, warithi walitujia kwa adabu, wakatueleza kwamba wanataka kugawana mirathi na kwa hiyo wanaihitaji nyumba. Hatukuwa na la kuwajibu. Haki ilikuwa yao, na sisi hatukuwa na hata karatasi moja ya kuonesha makubaliano yetu na marehemu.

Kwa uchungu wa kuhamishwa, kamati iliapa kutopanga tena. Tukachangisha, tukazuia posho za walimu kwa muda ili fedha itimie, na ndani ya wiki tatu tukanunua kiwanja kupitia kwa dalali. Kiwanja hakikuwa kimepimwa, na kilikuwa kando ya bonde. Kwa kuwa taasisi yetu haikuwa imesajiliwa, kiliandikwa jina la mwenyekiti wetu, mtu mwaminifu ambaye sina shaka naye. Mvua za masika zilipokuja, nusu ya kiwanja ikawa maji. Walimu wawili waliondoka kutafuta riziki mahali pengine, na watoto wao wa darasani wakatawanyika. Miaka michache baadaye mwenyekiti naye akaitika wito wa Mola wake, na kiwanja kile kikaonekana katika orodha ya mali zake za urithi. Watoto wake hawakuwa na habari kwamba si mali ya baba yao.

Nimesimulia hayo ili msomaji ajue kwamba ninayoyaandika leo nimeyajua kwa gharama. Tulikuwa wapangaji wabaya, kisha tukawa wamiliki wabaya. Kosa letu lilikuwa moja katika hali zote mbili: tulilitazama jengo, tukaisahau amana.

Mtume (S.A.W.) alianza vipi?

Tukirejea katika Sira tunakuta mafunzo makubwa kuhusu jambo hili. Mtume (S.A.W.) alilingania Makka kwa miaka 13. Katika kipindi chote hicho Waislamu hawakuwa na jengo lao la kufundishia. Masahaba wa mwanzo walikutana na kusoma katika nyumba ya al-Arqam ibn Abil Arqam (R.A.), karibu na Safa. Nyumba hiyo ilikuwa mali ya Sahaba huyo, naye aliitoa itumike. Katika nyumba ile isiyokuwa yao walitoka watu waliokuja kuubeba Uislamu mashariki na magharibi.

Alipohamia Madina, Mtume (S.A.W.) aliteremkia kwa Abu Ayyub al-Ansari (R.A.) na kukaa kwake kwa miezi kadhaa hadi ujenzi ulipokamilika. Eneo la msikiti lilikuwa uwanja wa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Wanavyuoni wa Sira wanaeleza kwamba vijana hao walitaka kulitoa bure, na Mtume (S.A.W.) akakataa kulipokea mpaka alinunue kwa thamani yake. Hakutumia heshima yake ya utume kuwapunguzia mayatima haki yao. Ardhi ya msikiti ule mtukufu ilipatikana kwa mauzo ya wazi, na mwenye mali alijulikana, bei ilijulikana, na hakubaki mtu mwenye madai.

Tunajifunza hapa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kutokuwa na jengo hakukuizuia kazi ya Allah (S.W.) kufanyika Makka, kwa sababu walimu na wanafunzi walikuwepo. La pili ni kwamba ulipofika wakati wa kumiliki, umiliki ulifanywa kwa usafi kamili. Wala tusisahau kisa cha Masjid Dhirar kilichotajwa katika Suratut Tawba kuanzia aya ya 107. Lile lilikuwa jengo, na waliolijenga walidai wametaka wema, lakini Mtume (S.A.W.) alikatazwa kusimama ndani yake. Kuta peke yake hazina utukufu mpaka uangaliwe msingi wake.

Msikiti una hukumu yake

Hapa yafaa tutenganishe mambo ambayo kamati zetu huyachanganya. Msikiti una hukumu yake, na madrasa, zahanati, kituo cha mayatima au ofisi vina hukumu nyingine.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, chumba kilichopangwa kwa ajili ya swala ni mahali pa kuswalia, yaani muswalla. Swala humo ni sahihi, jamaa ina thawabu zake, na hata Ijumaa husihi masharti yake yakitimia. Lakini chumba hicho hakiwi msikiti. Itikafu haisihi ndani yake, na hakiswaliwi rakaa mbili za tahiyyatul masjid. Msikiti hupatikana kwa wakfu, na mpangaji hawezi kukiweka wakfu cha kudumu kitu asichokimiliki. Kwa hiyo jamaa inayotaka msikiti haina budi kuelekea kwenye umiliki, hata kama itachukua miaka mingi na katikati itaswali katika chumba cha kupanga.

Madrasa haina sharti hilo. Kinachotakiwa katika madrasa ni manufaa: watoto wapate mahali salama, penye kivuli, choo na maji, wasome Qur'ani na dini yao. Manufaa hayo yanaweza kupatikana kwa kununua, kwa kupanga, au kwa kuazimwa. Sharia imezihalalisha njia zote tatu na kuziwekea masharti. Upangaji ni ijara, nayo ni akdi inayotambuliwa na madhehebu zote nne, ilimradi manufaa yajulikane, muda ujulikane na malipo yajulikane.

Zipo hata njia za katikati ambazo wazee wetu walizifahamu. Imam Nawawi, ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa kwa vizazi katika darsa za Pwani, ameeleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ni kujuzu kuliweka wakfu jengo lililojengwa juu ya ardhi iliyopangwa kwa ajili ya ujenzi. Wanavyuoni wa Kimaliki nao wameruhusu wakfu wa muda maalumu, na wakfu wa manufaa pasina kumiliki asili yake. Anayesema kwamba hakuna kheri ila katika kununua ameifanya dini iwe na dhiki kuliko ilivyo.

Kuna jambo jingine linalofaa kutufanya tupunguze haraka. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Huo ndio msingi wa ile ardhi ya Umar ibn al-Khattab (R.A.) kule Khaybar, pale alipomtaka shauri Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza aizuie asili yake na kutoa sadaka kile inachozalisha. Madhehebu yetu ya Shafi ni makali sana katika kubadilisha mali ya wakfu, na baadhi ya madhehebu nyingine huruhusu kwa dharura na masharti. Mpangaji aliyekosea kuchagua anaweza kuhama mwaka ujao. Aliyeweka wakfu kiwanja kibaya amewafungia wajukuu zake kiwanja kibaya.

Hesabu ya pango na hesabu ya umiliki

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme madrasa inalipa kodi ya pango ya shilingi 400,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Tuseme pia kiwanja kilichopimwa pamoja na ujenzi wa madarasa matatu, vyoo na uzio vitagharimu shilingi 90,000,000. Ukigawanya, utakuta kwamba fedha hiyo ingelipa pango kwa miaka 18 na miezi tisa. Lakini jengo lako nalo lina gharama zake. Mabati huvuja, milango huliwa na mchwa, choo hujaa, mlinzi hutaka mshahara. Kodi ya ardhi ipo, na kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Tukikadiria shilingi 1,500,000 tu kwa mwaka kwa yote hayo, basi unachookoa kwa kutopanga ni shilingi 3,300,000 kwa mwaka, na fedha yako itarudi baada ya zaidi ya miaka 27.

Mfanyabiashara atasema kwamba jengo linapanda thamani. Ni kweli kwake yeye, kwa sababu anaweza kuliuza. Mali ya wakfu haiuzwi, na kupanda kwa thamani yake hakumlipi mwalimu hata senti moja.

Hata hivyo uadilifu unatutaka tuitazame pia kefa ya pili ya mizani. Kodi ya pango hupanda, na mara nyingi mwenye nyumba hutaka alipwe miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kila kuhama kunapoteza baadhi ya watoto, hasa wadogo wasioweza kuvuka barabara kubwa. Majirani wengine hawapendi kelele za watoto wanaosoma Juzuu Amma, na mwenye nyumba atawasikiliza wao. Mpangaji hawezi kubomoa ukuta ili kupata darasa kubwa. Taasisi iliyosimama mahali pamoja kwa miaka 20, ikijua idadi ya watoto wake na mapato yake, ina haki ya kutafuta makazi yake. Kwa taasisi hiyo kumiliki ni busara.

Kwa hiyo hesabu haitoi jibu moja kwa kila mtu. Lakini inatoa kanuni: taasisi isiyoweza kulipa pango na posho za walimu kwa wakati haitaweza kulitunza jengo. Jengo haliondoi umasikini wa taasisi, huudhihirisha. Sote tumeyaona majengo yaliyoishia kwenye lenta, nondo zikishika kutu, na kibao cha harambee bado kipo.

Kiwanja ni cha nani?

Suala la tatu ni la kisheria, na hapa ndipo amana nyingi za Waislamu zimepotelea. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inampa mtu au taasisi haki ya kuimiliki kwa muda maalumu, mathalani miaka 33, 66 au 99. Karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mjumbe ni ushahidi kwamba fedha imelipwa. Hiyo siyo hati miliki. Na leseni ya makazi inayotolewa katika maeneo yasiyopimwa ni ya muda mfupi.

Tumeona wenyewe matokeo ya kupuuza mambo hayo. Mwezi Desemba 2015 nyumba nyingi zilibomolewa katika Bonde la Msimbazi kwa kuwa zilikuwa katika eneo la hatari. Mwaka 2017 bomoabomoa ikapita katika hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya. Wengi wa waliobomolewa walikuwa wakijiita wamiliki, na wengine walikuwa wameishi hapo kwa miaka mingi. Kamati inayonunua kwa michango ya waumini haina udhuru wa kutokwenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuliza: eneo hili limepangiwa matumizi gani? Je, lipo katika hifadhi ya barabara au bonde? Je, ni la makazi, na tukitaka kuweka madrasa tutahitaji kubadili matumizi?

Kisha kuna jina. Taasisi ambayo haijasajiliwa haina mkono wa kupokea ardhi kisheria, na kwa sababu hiyo hulazimika kuazima jina la mtu. Mtu hufa, hufilisika, hutalikiana na mkewe, hugombana na kamati. Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini inaruhusu wadhamini wa taasisi wasajiliwe wawe chombo kimoja kisichokufa kwa kufa kwao, na kazi hiyo hufanywa na RITA, wakala ulioanzishwa mwaka 2006. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na wa Kenya wana Makamishna wa Wakfu. Usajili una usumbufu na gharama zake, lakini gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kesi ya mirathi. Qur'ani Tukufu, katika aya ndefu kuliko zote, ya 282 ya Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika deni la mtu na mwenziwe na kushuhudisha. Ikiwa deni la watu wawili limetengewa aya ndefu namna ile, ardhi ya watoto wa mtaa mzima inastahiki zaidi kuandikwa.

Fedha itoke wapi?

Jambo la nne ni chimbuko la fedha. Wako wanakamati wanaochukua zaka za waumini na kununulia kiwanja au tofali. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, na jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu nne hawakuruhusu ijengewe misikiti wala madrasa, kwa sababu zaka humilikishwa anayestahiki. Baadhi ya wanavyuoni wa karne ya 20, akiwemo Sheikh Mahmud Shaltut wa al-Azhar, walilipanua fungu la fi sabilillah likaingiza manufaa ya umma. Tunawaheshimu na tunaijua hoja yao. Lakini katika miji ambayo mjane anakosa kodi ya chumba chake kimoja, sioni namna ya kumwendea na kumwambia kwamba haki yake imegeuzwa nondo. Jengo lijengwe kwa sadaka, kwa wakfu na kwa hiba.

Wengine hukimbilia mkopo wa riba kwa hoja ya dharura. Dharura gani, ikiwa kupanga kunawezekana? Dharura huruhusu haramu pale ambapo halali imekosekana, na nyumba za kupanga zimejaa mitaani. Zaidi ya hayo, nchini mwetu tangu mwaka 2011 ipo Benki ya Amana inayofanya kazi kwa misingi ya sharia, na benki nyingine zimefungua madirisha ya namna hiyo. Ununuzi kwa murabaha au ushirika unaopungua unawezekana kwa taasisi yenye vitabu safi vya mapato na matumizi. Taasisi isiyokuwa na vitabu hivyo haitapewa, na kwa kweli haistahili kupewa.

Na iko njia moja ambayo ningependa kamati zetu ziifikirie zaidi. Taasisi inaweza kubaki imepanga, na fedha iliyokusanywa ikanunuliwa mali ndogo inayozalisha: fremu mbili za maduka, vyumba vya kupangisha, shamba la minazi. Mapato yake yakalipa pango na posho za walimu kila mwezi. Huo ndio mtindo wa wakfu wa wazee wetu wa Zanzibar, ambao nyumba na mashamba yao waliyaweka wakfu ili mapato yake yatunze misikiti na kuwalisha wanafunzi. Wao walifahamu kwamba msikiti usiokuwa na shamba nyuma yake utakosa mafuta ya taa.

Wala si lazima kila taasisi ianze kwa kuchimba msingi. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005, kilianzia katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, yaliyotolewa na Serikali wakati wa Rais Benjamin Mkapa. Majengo yaliyokwisha kujengwa na kukaa bure yapo katika miji mingi. Kuyaomba au kuyapanga kwa mkataba mrefu ni wepesi kuliko kuanza na pori.

Kupanga kwa heshima

Ikiwa kamati imeamua kupanga, basi ipange kama Muislamu anavyofunga akdi. Mkataba uandikwe, utaje muda, kodi, namna ya kuongeza kodi, nani atakarabati paa, na notisi ya miezi mingapi kila upande unastahili. Utaje kwamba humo patafundishwa watoto, ili mwenye nyumba asije kudai kuwa hakujua. Utafutwe muda wa miaka mitatu au mitano badala ya mwezi kwa mwezi. Usainiwe na wadhamini kwa niaba ya taasisi, na mashahidi wawepo. Na ikiwa mtu ametoa nyumba yake itumike bure, Allah (S.W.) amlipe, lakini naye aandike kama ni kuazima au ni wakfu, na awaambie watoto wake akiwa hai. Sisi tungelifanya hivyo kwa yule mzee wetu, warithi wake wangejua wapi pa kuanzia, na sisi tungepata miezi ya kujiandaa.

Kodi ya pango nayo ilipwe kwa wakati. Ni aibu taasisi inayofundisha watoto uaminifu ikawa ndiyo mpangaji anayekimbiwa. Mwenye nyumba huenda anasomeshea wanawe kwa kodi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yanawavunja moyo watu wasijenge nyumba za kheri. Najilinda kwa Allah (S.W.) nisiwe katika wanaozuia kheri. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Sisi tumelishika la kwanza na kulitafsiri kuwa ni tofali, tukaliacha la pili kana kwamba elimu hujifundisha yenyewe. Shilingi inayomweka mwalimu mzuri darasani kwa mwaka mzima nayo inaendelea, kwa sababu mtoto aliyejifunza Suratul Fatiha kwa usahihi ataisoma maisha yake yote na kumfundisha mwanawe.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Anayetaka msikiti na aelekee kwenye umiliki na wakfu, kwa subira. Mwenye madrasa, kituo au ofisi na apange kwanza, mpaka mambo matatu yatimie: wadhamini wake wawe wamesajiliwa, awe ameweza kuwalipa walimu wake na pango lake kwa miaka mitatu mfululizo bila ya kukopa, na ardhi anayoitaka iwe imepimwa, imeulizwa na ina njia ya kupata hati kwa jina la taasisi. Yakitimia hayo matatu, na anunue kwa jina la Allah (S.W.), na sisi tutakuwa wa mwanzo kuchangia.

Na ninyi wazazi, mama zangu na baba zangu, mnaotoa shilingi mia tano na elfu moja kila kisanduku kinapopita, msiache kutoa. Lakini mnayo haki ya kuuliza kwa adabu: kiwanja kitaandikwa jina la nani? Paa likivuja mwaka wa tano, litatengenezwa kwa fedha gani? Na huyu ustadhi anayemfundisha mwanangu, mwezi uliopita alilipwa? Kamati yenye amana haitakasirika kwa maswali hayo. Itayashukuru, na kama haina majibu leo, itarudi Ijumaa ijayo ikiwa nayo.

Tunamuomba Allah (S.W.) azibariki madrasa zetu, zilizopanga na zilizojenga, awalipe kheri walimu wanaovumilia, na awarehemu waliotutangulia ambao nyumba zao zilikuwa madarasa yetu.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.